Saratani ya tezi dundumio katika rovu lenye vinundu

Saratani ya tezi dundumio katika rovu lenye vinundu ni uvimbe mbaya unaotokea katika tezi ya shingoni ambayo tayari ina vinundu vinavyotoa homoni kupita kiasi. Hutokea kwa nadra, kwa kuwa vinundu vingi vya aina hiyo si saratani. Rovu hilo huitwa pia ugonjwa wa Plummer, kutokana na Henry Plummer, daktari wa Marekani aliyeueleza mwaka 1913.

Chanzo

Chakula kikipungukiwa na iodini, tezi huvimba ikijitahidi kutengeneza homoni. Baada ya miaka mingi vinundu hujitokeza ndani yake, na baadhi huanza kutoa homoni bila kudhibitiwa na ubongo. Tanzania iligawa vidonge vya mafuta yenye iodini kuanzia miaka ya 1980, kisha ikaeneza chumvi yenye madini hayo. Iodini huzuia rovu jipya, lakini inaweza kuamsha vinundu vya zamani, kama ilivyoonekana Kivu (mashariki mwa Kongo) na Zimbabwe katika miaka ya 1990.

Dalili

Mgonjwa hukonda ingawa anakula vizuri, moyo humwenda mbio, mikono hutetemeka na havumilii joto. Dalili hizo huletwa na wingi wa homoni. Zinazotia shaka ya saratani ni kinundu kigumu kinachokua haraka, sauti kukwaruza, shida ya kumeza na mitoki shingoni.

Utambuzi

Zamani madaktari wengi waliamini kwamba tezi inayofanya kazi kupita kiasi haipati saratani. Siku hizi inajulikana kwamba wingi wa homoni hauondoi uwezekano huo. Baada ya vipimo vya damu na ultrasaundi, mgonjwa hupigwa picha kwa dawa nururifu. Kinundu kinachoinyonya sana huitwa cha moto, na mara chache huwa saratani. Kisichoinyonya huitwa baridi, na kinaweza kuhitaji kutolewa chembe kwa sindano nyembamba. Pengine saratani hugunduliwa baada ya upasuaji tu, tezi inapochunguzwa kwa hadubini.

Matibabu

Kwanza homoni hupunguzwa kwa dawa kama kabimazoli, kisha tezi hukatwa. Baadhi ya wagonjwa hupewa pia iodini nururifu. Aliyeondolewa tezi yote humeza vidonge vya levothairoksini maisha yake yote. Kwa wakazi wa Masumbwe na mikoa ya Geita na Shinyanga, mojawapo ya hospitali za rufaa za kanda ni Bugando, jijini Mwanza. Taasisi ya Saratani Ocean Road iko Dar es Salaam. Ikigunduliwa mapema, saratani hiyo kwa kawaida hutibika vizuri.