Kulenga Shabaha: Uende Mara Ngapi, na Ukae Muda Gani?

Unamkumbuka Yusuf Dikeç, yule buda wa Uturuki aliyetrendi kila mahali wakati wa Olimpiki ya Paris 2024? Mkono mfukoni, miwani ya kawaida, tisheti, na bado yeye na Şevval İlayda Tarhan wakaenda home na medali ya fedha. Wasee wengi waliona swag tu. Lakini jamaa alikuwa na miaka 51, na hiyo ilikuwa Olimpiki yake ya tano tangu Beijing 2008. Utulivu kama huo hauji kwa wikendi moja.

Kama nawe umeanza kuenda uwanja wa shabaha, hii ndiyo rada.

Mara ngapi?

Mara moja kwa wiki ni poa sana kwa anayeanza. Kama ganji imebana, enda kila wiki mbili, bora usikatize. Mkono husahau haraka. Ukienda leo halafu upotee miezi mitatu, kila ukirudi unaanza upya, na risasi si za bure.

Muda gani?

Dakika 45 hadi saa moja zinatosha. Risasi 50 za kufikiria zinakufunza kuliko 200 za kumwaga kama uko kwa muvi. Piga tano, weka silaha chini, angalia karatasi, jiulize kwa nini zimeenda kushoto, ndio uendelee.

Hata kwa Olimpiki, raundi ya mchujo ya bastola ya hewa ya mita 10 ni risasi 60 ndani ya saa moja na robo. Hao ni maprofesa, na bado hawaharakishi.

Jua wakati wa kutoka

Dalili ziko wazi: mkono unatetemeka, matundu yanatawanyika kwa karatasi, ama unashtuka kabla mlio haujatoka. Hiyo ya kushtuka ndiyo mbaya zaidi. Ukiendelea umechoka, unafunza mwili wako makosa, na kuyatoa baadaye ni kazi. Funga siku, maze.

Mazoezi ya home

Huhitaji silaha. Jaza chupa ya maji ya lita moja, nyoosha mkono, ishikilie sekunde 10, pumzika, rudia. Dakika 10, mara tatu au nne kwa wiki. Utashangaa vile bega litakuwa fiti.

Mwenye leseni anaweza kufyatua kavu, yaani bila risasi. Kagua chemba mara mbili, toa risasi zote kwa hicho chumba, na ulenge ukuta ambao hauwezi kupitisha risasi. Ukimaliza, umemaliza. Hakuna "moja ya mwisho" baada ya kurudisha risasi, hapo ndipo watu huumia.

Usicheze na hizi

- Chukulia kila silaha ina risasi, hata kama beshte yako ameapa haina.
- Usielekeze mdomo wa silaha kwa kitu usichotaka kuharibu.
- Kidole kisiguse kifyatulio kabla hujalenga.
- Jua shabaha yako, na kilicho nyuma yake.

Vaa vikinga masikio na miwani kila mara. Mlio wa bastola unaweza kupita desibeli 140, na masikio yakiharibika hivyo hayarudi. Nawa mikono na sabuni kabla ya kugusa chipo, kwa sababu vumbi la risasi lina madini ya sumu.

Na usisahau sheria: Kenya, bila cheti cha Bodi ya Leseni za Silaha, kuwa na bunduki ni ngori ya jela. Fanyia mazoezi kwa uwanja ulioruhusiwa, chini ya mkufunzi.

Andika matokeo yako kwa daftari kila siku ya mazoezi. Baada ya miezi mitatu, linganisha karatasi ya kwanza na ya mwisho. Matundu yakiwa yamekaribiana, uko kwa njia. Kama bado yametawanyika, usiongeze risasi. Muulize mkufunzi aangalie vile unashika.