Nasaba Isiyo na Daftari

Mzawa wa Réunion mwenye asili ya Kifaransa, atakapo kumjua babu yake aliyehamia kisiwani humo karne ya 17, hufungua daftari za ubatizo, ndoa na mazishi. Karatasi humjibu.

Katika milima ya Upare, juu ya mji wa Same, wahamiaji wa kale hawakuacha daftari. Simulizi za koo zawataja waliotoka Taita, Usambara na Ugweno. Kumbukumbu yao ilihifadhiwa kwa njia nyingine: fuvu la mzee lilifukuliwa, likatiwa chunguni na kuwekwa katika msitu mtakatifu wa ukoo, uitwao mpungi. Hapo ndipo wazee walipowataja waliotangulia.

Isaria Kimambo, mwanahistoria Mpare, alizikusanya simulizi za wazee hao, na mwaka 1969 kikachapishwa kitabu chake juu ya historia ya siasa ya Wapare. Kwa hiyo Washana wafua chuma na Wasuya watawala wa Ugweno wanasomeka hata leo. Lakini historia ya siasa hufuata viti vya enzi. Mkulima asiyetawala alibaki mpungini. Daftari huweza kunakiliwa. Mpungi ukifyekwa, na mzee akafa, nasaba hiyo haina nakala.