Mbwa katika Picha za Lucian Freud

Mbwa ni mgeni wa zamani katika picha za rangi za Ulaya, lakini kwa karne nyingi hakualikwa kwa ajili yake mwenyewe. Katika picha ya Jan van Eyck ya mwaka 1434, imwonyeshayo Arnolfini na mkewe, mbwa mdogo aliyesimama miguuni pao hufasiriwa na wengi kuwa alama ya uaminifu wa ndoa. Wengine humwona kuwa alama ya utajiri. Mwaka 1837 Edwin Landseer alichora mbwa aliyeegemeza kichwa juu ya jeneza la mchungaji mzee. Huzuni iliyomo ni ya wanadamu. Mbwa amevishwa tu. Nakusudia kueleza hapa jinsi desturi hiyo ilivyovunjwa na mchoraji mmoja wa zama zetu.

Lucian Freud alizaliwa Berlin mwaka 1922, akahamia Uingereza pamoja na jamaa zake mwaka 1933. Katika picha yake ya mwaka 1950 na 1951, mkewe wa kwanza, Kitty Garman, ameketi na mbwa mweupe wa kizazi cha bulteria. Manyoya ya mbwa yamechorwa kwa uangalifu uleule uliotumika kwa ngozi ya mwanamke na kitambaa cha joho lake. Hapa pana mwanzo wa jambo jipya: jicho la mchoraji halikumpa mmoja daraja lililo juu ya mwenzake.

Yafaa tumlinganishe na rafiki yake, Francis Bacon, ambaye mwaka 1952 alichora mbwa kwa kufuata fotografia za Eadweard Muybridge, zilizochapishwa mwaka 1887. Mbwa wa Bacon ametoka katika karatasi, naye ni hofu itembeayo. Freud hakuifuata njia hiyo. Alitaka kiumbe hai mbele yake, na kikao baada ya kikao, pengine kwa miezi mingi. Katikati ya miaka ya 1950 aliacha brashi laini, akashika brashi za manyoya magumu ya nguruwe, na rangi yake ikawa nzito. Lakini mbwa haambiwi, “Kaa hivyo hivyo.” Basi alimchora amelala, kama alivyolala mwenyewe. Katika picha ya watu wawili ya mwaka 1985 na 1986, hao “wawili” ni mwanamke na mbwa aliyejinyoosha kando yake. Jina la picha lawahesabu sawasawa.

Wako watakaopinga. Watasema kuwa Freud hakumpandisha mbwa, bali alimshusha mwanadamu. Na ni kweli kwamba yeye mwenyewe alisema huwatazama watu kama wanyama. Hoja hiyo ina nguvu, ila haitoshi. Tumtazame Pluto, mbwa wake wa mbio wa kizazi cha wipeti. Freud alimchora angali mtoto mwaka 1988. Mwaka 2000 alimchora tena, akautaja katika jina la picha umri wake wa miaka kumi na miwili. Na mwaka 2003, Pluto alipokwisha kufa, alichora kaburi lake bustanini. Alama haizeeki, wala haina kaburi. Mwenye utoto, uzee na mauti ana tarihi yake, na tarihi ndiyo imtofautishayo mwenye picha na pambo la picha.

Freud alifariki London tarehe 20 Julai 2011, akiacha picha isiyokwisha ya msaidizi wake, David Dawson, pamoja na Eli, mbwa mwingine wa wipeti. Jina la picha hiyo lamtaja mbwa peke yake.

Sisi wasomi wa Kiswahili tuna sababu ya kulitafakari jambo hili. Lugha yetu humpa mbwa upatanisho uleule wa mtu: mtu amelala, mbwa amelala, lakini kiti kimevunjika. Hata hivyo, tunapoeleza picha, twaandika kuwa mbwa “amewekwa” hapo, kana kwamba ni kiti. Sarufi ilikwisha kukata shauri zamani. Yatupasa sisi wenye kueleza picha kuifuata.