Nani Kasema Jina Lako ni Chafu?

Katikati ya Johannesburg, kwenye nguzo za taa na kuta za majengo, pamoja na matangazo ya waganga na vyumba vya kupanga, hubandikwa karatasi zinazoahidi mkopo kwa aliyemo kwenye "orodha nyeusi". Nyingine zinaahidi kumtoa humo kabisa. Sisi wa Kiswahili huita kazi hiyo kusafisha jina.

Silipendi neno hilo, maana limeshatoa hukumu. Ukisema unasafisha, umekubali kwamba umechafuka, na aliyechafuka hutafuta mwenye dawa. Tapeli hahitaji mlango mwingine.

Afrika Kusini haina orodha nyeusi. Ina ofisi za taarifa za mikopo, kama TransUnion, Experian na XDS, zinazotunza kumbukumbu za wakopaji wote, wazuri na wabaya, chini ya Sheria ya Taifa ya Mikopo, Na. 34 ya mwaka 2005. Aliyechukua nguo dukani kwa mkopo akalipa kwa wakati kila mwezi naye yumo. Lakini mtaani husemwa fulani "yuko ITC", kama mtu aliyefungwa, ingawa ITC ilikuwa kampuni tu, na ilishamezwa na TransUnion. Nairobi nako husemwa "ameingia CRB", yaani ofisi za aina hiyo hiyo za Kenya. Kifupisho cha ofisi kimegeuka kuwa jina la gereza, na aliyemo anaona haya hata kwenda kuuliza kumeandikwa nini juu yake.

Angeuliza, angekuta lugha ya sheria ni pole kuliko ya mtaani. Yenyewe husema taarifa hasi, na taarifa hasi ina umri wake. Alama ya kuchelewa kulipa hukaa mwaka 1. Hukumu ya mahakama hukaa miaka 5, au hadi deni litakapolipwa. Deni likiisha, mkopeshaji ana siku 7 za kupeleka habari, na ofisi ina siku 7 nyingine za kuifuta alama. Kila mtu ana haki ya kupata ripoti yake bure mara 1 kwa mwaka, na akipinga kosa lililomo, ofisi ina siku 20 za kazi za kulichunguza. Mwenye karatasi ya nguzoni anauza haki ya mteja wake mwenyewe.

Neno lililoleta madhara zaidi ni msamaha. Tarehe 1 Aprili 2014 kanuni mpya ziliamuru taarifa hasi za wakati huo ziondolewe kwenye kumbukumbu. Aliyesikia "msamaha" alikuwa na kila sababu ya kudhani deni limekufa, kumbe kilichofutwa ni maandishi. Deni lilibaki palepale na riba yake. Kwa Kiswahili cha kawaida kusamehe deni ni kazi ya mdai, hakuna mwingine awezaye. Serikali ilifuta alama, basi, na ndivyo ingesemwa. Kenya nayo ilipita njia hiyo Novemba 2022: mpango wa Benki Kuu uliwataka wakopeshaji wapunguze angalau nusu ya deni sugu la mikopo ya simu, na mkopaji alipe kilichobaki kwa utaratibu. Ile habari ya kulipa kilichobaki ni rahisi kupotea mtu akisikia tu "kutolewa CRB".

Hata "historia ya mikopo" ina kasoro, japo ndiyo istilahi iliyozoeleka. Inamwelekeza msikilizaji kwenye kukopa, naye akitaka kuijenga upya anakimbilia mkopo mwingine, pengine kwa mashonisa, mkopeshaji wa mtaani anayebaki na kadi yako ya benki na namba ya siri. Kwa Kizulu "shona" ni kuzama, na mashonisa ni mwenye kuzamisha. Watanzania wana "kausha damu" yao. Mimi ningesema historia ya ulipaji. Kinachoonekana kwenye ripoti, mwezi baada ya mwezi hadi miaka 5 nyuma, ni kama ulilipa siku uliyoahidi, na akaunti moja ndogo inayolipwa vizuri inatosha kuanza kuijenga.

Hapo ndipo ninapomfikiria mama wa Kikongomani wa Yeoville, mtaa wa Johannesburg: anauza mboga, analipa kodi ya chumba kwa fedha taslimu, na hajawahi kukosa zamu ya likelemba, upatu wetu ule ambao wenyeji huuita stokvel. Ofisini anaambiwa hana historia. Historia anayo, imo kwenye daftari la anayekusanya michango, na hakuna kompyuta inayolisoma. Yeye hana cha kusafisha wala cha kujenga upya. Anastahili kuitwa mlipaji ambaye hajaandikwa, na barua ya kumkatalia ombi lake ingepaswa kusema hivyo hivyo.