Asiyekubali Kushindwa si Mshindani

Jioni, jua linapotua nyuma ya milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa, watu wa Ujiji wakutanapo njiani huulizana, "Umeshindaje?" Wala hapana adhaniye kwamba anaulizwa habari za kombe. Kushinda ni kuupitisha mchana salama. Tena kushinda ni kumzidi mwenzako katika jambo. Lakini kushindana ni neno lingine, maana halifanywi na mtu mmoja. Mtu aweza kushinda kutwa peke yake ufukoni akitengeneza wavu wake, ila hawezi kushindana peke yake. Wasomaji wapenzi, tulikumbuke jambo hilo tunapoitazama historia ya michezo ya vijana wetu.

Mpira wa miguu ni mgeni katika nchi zetu. Mwishoni mwa karne ya 19 wanafunzi wa shule ya misheni ya Kiungani, Unguja, walikuwa wakiucheza. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka wa 1914, na baada ya Vita Kuu ya kwanza mchezo huo ulizidi kuenea katika miji na shule za Tanganyika. Mwaka wa 1926 likaanza shindano la Kombe la Gossage kati ya Kenya na Uganda. Tanganyika iliingia mwaka wa 1945, ikashindwa. Ikashindwa tena mwaka wa 1946, na wa 1947, na wa 1948. Lakini haikuacha kurudi uwanjani. Mwaka wa 1949 ikalitwaa kombe, na tena mwaka wa 1950 na wa 1951. Basi hao waliolitwaa walikuwa kwanza wamejifunza kushindwa.

Sisi wa Kigoma tunaye shahidi wa karibu. Juma Kaseja, mzaliwa wa Kigoma, ndiye aliyekuwa mlinda mlango wa Simba mwaka wa 2003, walipowatoa kwa mikwaju ya penalti Zamalek wa Misri, waliokuwa mabingwa wa Afrika. Kazi ya mlinda mlango ni ngumu, kwa kuwa yeye hufungwa mbele ya macho ya watu wote. Asiyeweza kuuokota mpira wavuni na kuurudisha katikati bila kukata tamaa, hafai kusimama pale.

Hatusemi kwamba kushinda si kitu. Mtoto asiyetamani kushinda hakimbii kwa moyo, wala hajifunzi cho chote. Ubaya huanza pale watu wazima wanapoutamani ushindi kuliko watoto wenyewe. Na njia yao iliyozoeleka ni kudanganya umri. Huku vijijini mtego huo ni mwepesi, kwa sababu wapo watoto wengi wasio na cheti cha kuzaliwa, na mtu aweza kuandika mwaka autakao.

Tazameni yaliyotupata. Mwaka wa 2005 vijana wa Tanzania wasiozidi miaka 17 walikwisha kupata nafasi ya kwenda Gambia katika mashindano ya Afrika. Wakaondolewa, kwa sababu mchezaji mmoja alikuwa amezidi umri. Wenzake wote, pamoja na wale waliosema kweli, wakabaki nyumbani. Mwaka wa 2017 mambo yakageuka. Kongo ya Brazzaville, si hii ya ng'ambo ya ziwa letu, ilikuwa imetutoa, kisha ikaondolewa kwa kutomleta mchezaji wake apimwe umri kwa picha ya mifupa ya kifundo cha mkono. Vijana wetu wakaenda Gabon mahali pao. Tulifurahi, lakini aliyekumbuka mwaka wa 2005 hakuwa na sababu ya kumcheka jirani.

Wala ugonjwa huu si wa Afrika peke yake. Huko Marekani watoto hucheza besiboli, mchezo wa kupiga mpira mdogo kwa gongo, na kila mwaka hufanyika mashindano makubwa ya watoto mjini Williamsport. Mwaka wa 2001 kikosi kimoja cha New York kilisifiwa mno kwa ajili ya mrushaji wake hodari. Kisha ikajulikana kwamba alikuwa na miaka 14, na mwisho ulikuwa 12. Ushindi wote ukafutwa. Na cheti hakukighushi mtoto, bali mkubwa wake.

Jirani zetu wa Uganda nao waliupata uchungu huo. Mwaka wa 2011 watoto wao walishinda, wakastahili kwenda Williamsport. Lakini wakanyimwa ruhusa ya kuingia Marekani, kwa kuwa habari za umri na kuzaliwa kwa baadhi yao hazikupatana. Ndipo likatokea jambo jema. Watoto wa Langley, nchi ya Kanada, waliokuwa wacheze nao, wakasafiri hadi Uganda mwezi wa Januari 2012 ili mchezo ule usipotee. Hapakuwa na kombe la kugombaniwa. Walimtaka mwenzao wa kushindana naye. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo watoto wa Lugazi, Uganda, wakafika Williamsport, kikosi cha kwanza kutoka Afrika. Wakafungwa na Panama, wakafungwa na Meksiko, kisha wakawashinda watoto wa Oregon kwa 3 kwa 2. Ushindi wao ulikuwa mmoja tu, lakini hakuna aliyeweza kuufuta.

Basi, enyi wazazi na waalimu wenzangu, tuandike umri wa watoto wetu kwa kweli. Tusimtukane mwamuzi mbele yao, wala tusimpige aliyekosa penalti. Na mtoto akirudi jioni kutoka uwanjani, miguu ikiwa na vumbi, kabla hatujamwuliza, "Mmefunga mangapi?" tumwulize kwanza, "Mwanangu, umeshindaje?"