Mifumo ya Taarifa za Kompyuta katika Vyuo vya Jamii vya Marekani

Mifumo ya taarifa za kompyuta ni fani inayohusu jinsi taasisi inavyokusanya, inavyohifadhi na inavyotumia taarifa zake kwa kompyuta. Nchini Marekani hufundishwa sana katika vyuo vya jamii, yaani vyuo vya umma vya miaka miwili. Kikongwe kati yake ni Joliet Junior College cha Illinois, kilichoanzishwa mwaka 1901. Wapo wanaoidharau fani hii wakisema ni sayansi ya kompyuta ya wanaokimbia hisabati. Dharau hiyo haina msingi, kwani fani hii ina kazi yake. Kasoro iliyopo haiko darasani, iko kwenye aina ya cheti anachojiandikishia mwanafunzi muhula wa kwanza.

Chukua somo la hifadhidata. Mwanafunzi hupewa orodha ya mauzo ya duka ambamo anwani ya mteja mmoja imeandikwa upya kwenye kila oda. Mteja akihama, karani hurekebisha mistari tisa na kusahau wa kumi, na mzigo unapelekwa nyumba ya zamani. Mwanafunzi hutakiwa kuigawa orodha: jedwali la wateja, jedwali la oda, na namba ya mteja kuyaunganisha, ili anwani ikae mahali pamoja tu. Wanaosema mafunzo ya vyuo hivi huchakaa upesi wakumbuke kwamba msingi wa zoezi hili ni makala ya Edgar F. Codd wa IBM ya mwaka 1970, na benki na hospitali zinautegemea mpaka leo.

Matatizo huanza kwenye vyeti. Chuo kimoja huweza kutoa stashahada ya sayansi na stashahada ya sayansi tumizi, zote za krediti 60 hivi, majina yakitofautiana kwa neno moja. Ya kwanza kwa kawaida huandaliwa kwa anayetaka kuhamia chuo kikuu. Ya pili kwa anayekwenda kazini moja kwa moja, na krediti zake nyingi huenda zisikubaliwe kwingine. Mwaka 2017 ofisi ya ukaguzi ya serikali kuu, GAO, ilikadiria kuwa wanafunzi waliohama chuo kati ya 2004 na 2009 walipoteza kwa wastani asilimia 43 ya krediti zao. Kadirio hilo linachanganya vyuo vya kila aina, na kati ya vyuo vya umma hasara ilikuwa ndogo kidogo, lakini bado ni muda na fedha. Florida imepunguza tatizo kwa kutumia namba moja ya somo katika vyuo vyote vya umma.

Itajibiwa kwamba si kila mtu anataka shahada, na fundi wa mitandao hahitaji kalkulasi. Ni kweli kwa aliyekwisha kuamua. Hata hivyo, wanafunzi wapatao 8 kati ya 10 wanaoingia vyuo hivi husema wananuia shahada ya kwanza, na wanaoipata ndani ya miaka sita ni kama 16 tu kati ya 100. Kwa mwanafunzi kutoka nje, akiwemo wa Afrika Mashariki, uamuzi wa cheti cha kujiandikishia ni mzito zaidi: mwenye stashahada huweza kuomba ruhusa ya kufanya kazi ya fani yake kwa miezi 12, ilhali nyongeza ya miezi 24 ya fani za sayansi na teknolojia hupewa mwenye shahada ya kwanza au zaidi.