gp130

gp130 ni protini ya utando wa seli inayotumiwa kama kipokezi cha pamoja na saitokini za ukoo wa intalukini-6: IL-6, IL-11, LIF, onkostatini M na nyingine kadhaa. Ilitambuliwa na maabara ya Tadamitsu Kishimoto huko Osaka, Japani, na jeni yake ikaelezwa mwaka 1990. Hupatikana karibu katika kila seli ya mwili.

IL-6 haiwezi kuishika gp130 peke yake. Hujibandika kwanza kwenye kipokezi chake mahususi, IL-6R, ndipo gp130 mbili zinapovutwa zikakaribiana. Kwa upande wa ndani, vimeng'enya vya JAK vilivyong'ang'ania mikia ya gp130 huamshana kwa kupachikana fosfeti. Protini ya STAT3 hunaswa hapo, hupachikwa fosfeti, kisha huingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni. Katika ini, jeni hizo huzalisha CRP, ambayo hospitali huipima damuni kutafuta dalili za uvimbe. Huzalishwa pia SOCS3, inayorudi kuinyamazisha gp130 ileile.

Kwa kuwa gp130 imeenea kote, kinachoamua ni seli ipi iitikie ni kipokezi mahususi. IL-6R imo hasa kwenye ini na baadhi ya seli nyeupe za damu, lakini vipande vyake hukatwa vikaelea damuni, vikaibeba IL-6 hadi kwenye seli zisizo na IL-6R kabisa. Madhara mengi ya uvimbe sugu huhusishwa na njia hii. LIF nayo, kwa kupitia gp130 hiyohiyo, huwezesha kiinitete cha panya kujipandikiza kwenye mji wa mimba, kazi isiyofanana hata kidogo na kuchochea uvimbe.

Ndiyo maana tosilizumabu, kingamwili iliyoidhinishwa Japani mwaka 2005 kwa ugonjwa wa Castleman na baadaye kwa baridi yabisi, huziba IL-6R na kuiacha gp130. Kuiziba gp130 yenyewe kungegusa kazi hizo zote: panya wasio nayo hufa kabla ya kuzaliwa.

Kirusi cha HHV-8, chanzo cha saratani ya Kaposi ambayo ni ya kawaida nchini Uganda, kina IL-6 yake chenyewe. Hiyo huishika gp130 bila kuihitaji IL-6R, hivyo kuziba IL-6R hakutoshi kuizuia.